Kopo Lenye Picha ya Mashua

Machame, 14 Machi 1976

Baba mdogo Eliamini,

Shikamoo. Ni mimi Eunike, mtoto wa pili wa kaka yako, ambaye uliponiona mara ya mwisho nilikuwa na pengo la meno ya mbele. Sasa niko kidato cha pili na viatu vya mama vinanibana. Anwani yako nimepewa na Bibi, aliitoa ndani ya Biblia yake, kwenye ile bahasha uliyomtumia Krismasi. Anakusalimu. Mguu wake bado unavimba mvua ikikaribia, lakini anapanda mwenyewe hadi kanisani na hataki kushikwa mkono. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Migomba ya upande wa bondeni iliangushwa na upepo, mifugo ikala wiki nzima bila sisi kwenda kukata majani. Shuleni tumelima shamba la kujitegemea hadi viganja vyangu vimekuwa vya mwanaume, na mwalimu wa Kiingereza amesema insha yangu ni nzuri, ila niisome mbele ya darasa. Sijui nitajificha wapi.

Sasa nieleze kilichonifanya nikuandikie. Bibi anasema wewe ni fundi wa mitambo huko kwenye kiwanda cha sukari. Kijiji chetu kina mota ya kupulizia dawa kahawa, ile ya kubeba mgongoni. Ugonjwa wa buni umeingia vibaya mwaka huu: tunda changa linaweka doa jeusi kama limechomwa na sigara, kisha linaanguka. Mota ndiyo iliyokuwa ikituokoa, maana inarusha dawa hadi juu ambako bomba la mkono halifiki. Juma lililopita imenoki. Ilikuwa inanguruma vizuri, ikalia kama mbuzi anayevutwa, ikasimama. Kamba ya kuwashia haivutiki tena.

Naomba kuuliza tu, kwa faida ya masomo. Mota ya namna hii inataka ichanganyiwe oili gani kwenye petroli? Na mtu akiweka oili nyingine, inaweza kunoki? Kuna rafiki yangu mmoja anataka kujua.

Tafadhali usimwandikie baba. Niandikie mimi, kwa anwani ya shule.

Mwanao,
Eunike


Kilombero, 12 Aprili 1976

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Barua yako nilitembea nayo mfukoni siku mbili kabla ya kuifungua. Watu wa nyumbani hawaniandikii bila msiba, nikaona acha kwanza nimalize kufunga pampu ya maji. Nilipoifungua nikakuta ng'ombe amezaa, nikacheka peke yangu kama mwehu. Huku ni joto, mbu, na miwa hadi macho yanachoka. Mimi ni mzima.

Swali la rafiki yako ni zuri. Injini ya lori ina oili yake inayokaa tumboni, haichanganyiki na petroli. Hiyo mota yenu ndogo haina tumbo hilo. Oili inaingia pamoja na petroli, inapita kwenye pistoni, inailainisha, halafu inaungua na kutoka na moshi. Kwa hiyo oili yake lazima iwe na tabia mbili: ikubali kuyeyuka kwenye petroli, na ikiungua isiache majivu. Ile ya pikipiki ndogo na ya misumeno ya mota inafaa. Kwa mota ya miaka hii, chupa moja ya oili kwa chupa ishirini na tano za petroli. Tikisa kabla ya kumimina. Ndiyo, oili nyingine inaweza kuinokisha.

Ila rafiki yako anauliza kama mtu aliyelishika kopo la oili mkononi. Fungua plagi, uifunge kwenye karatasi, unitumie. Usiifute. Plagi chafu inasema mengi kuliko kamati yoyote.

Msalimie Bibi, msalimie mama yako, na huyo ndama.

Eliamini


Machame, 9 Mei 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kuwa u mzima. Sisi tumepata mvua ya kutosha, maharage yamesimama, na Bibi amefurahi mno kusikia umecheka. Alinitaka nimsomee mahali hapo mara tatu. Baba aliniona na barua akauliza kama umemsalimu. Nilisema ndiyo. Nisamehe. Alichukua panga akaenda kupunguza migomba ambayo haikuhitaji kupunguzwa.

Plagi ni hii, ndani ya kisanduku cha kiberiti. Niliifungua baba alipokuwa gulioni, maana mota imewekwa kwetu. Baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya kahawa.

Huku mambo yamekuwa mabaya. Anayebeba mota ni Sirili, mtu wa Rombo. Alikuja na mkewe Bernadetha miaka minne iliyopita, chama cha ushirika kikawapa chumba kando ya ghala na mibuni arobaini ya kutunza. Ni mtu mpole, Mkatoliki, Jumapili anashuka na mkewe kwenda misa huku sisi tunapanda. Siku mota iliponoki, baba alisema mbele ya watu kwamba Sirili alimimina petroli tupu, na ile yenye oili akaipeleka anakokujua. Sirili alisema tu kwamba hakufanya hivyo. Hakusema neno lingine hata moja, na watu wakaona kunyamaza kwake ni jibu.

Sasa hakuna anayemwita kazini. Wengine wanasaidiana kwa mabomba ya mkono, ila kwa mibuni yake hakuna anayekwenda, na matunda yake yameanza kuwa meusi. Mkutano wa kijiji utakaa Jumamosi tarehe 31 Julai. Wakimwona ana hatia, atanyang'anywa chumba na kurudishwa kwao.

Nakuomba uisome hiyo plagi vizuri.

Eunike


Kilombero, 2 Juni 1976

Mwanangu,

Nimeisoma.

Petroli tupu huacha plagi kavu, nyeupe kama mfupa. Hii ni nyeusi, na juu ya weusi huo kuna ganda la kijivu, gumu, nimelikwaruza kwa kisu. Hayo ni majivu ya oili ya lori, na ya malori makubwa hasa. Wanaitia madawa ya kusafisha injini ya dizeli, na madawa hayo hayaungui. Tena, kwa jinsi ilivyonoki mapema, nadhani hata hiyo oili haikutosha.

Kwa hiyo Sirili hakumimina petroli tupu. Oili ilikuwemo, isiyo yake, na pungufu. Hilo si kosa la mbebaji, ni la aliyechanganya.

Hukuniambia ni nani aliyekuwa akichanganya. Barua mbili, na umeniambia hadi habari za maharage.

Nangoja.

Eliamini


Machame, 20 Juni 1976

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo sitaanza na ng'ombe.

Ni mimi.

Mota ilipoletwa, ilikuja na kijitabu cha Kiingereza, na kamati nzima hakuna aliyeweza kukisoma. Baba akasema mbele ya wote, binti yangu atakisoma. Hujawahi kumwona baba akijivuna, anajivuna kimyakimya, anakunja mikono nyuma. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyechanganya, kila Jumamosi asubuhi, kwenye debe uani kwetu. Kopo la kwanza la oili lilikuja pamoja na mota, halikuwa na shida. Lilipoisha nikatumwa dukani kwa chama.

Basili wa duka alikuwa na makopo mawili tu. Moja lilikuwa na picha ya mashua inayokimbia juu ya maji. La pili lilikuwa na picha ya lori, na maneno yanayomaanisha kazi nzito. Basili akaniambia, "Wewe ndiye msomi, chagua." Nikasoma lile la mashua. Maneno mengi sikuyajua. Kijitabu nilikuwa nimekiacha nyumbani, tena ukurasa wa oili ulikuwa umemwagikiwa dawa ya bluu na haukusomeka, na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Nikajiambia, sisi ni watu wa mlimani, mashua tutaipeleka wapi? Mota yetu inapanda vilima kama lori. Nikachukua la lori.

Halafu nikaongeza kosa. Nikaona oili ya kazi nzito ina nguvu, basi inatosha nusu ya kipimo, na ile inayobaki itatufaa mwezi ujao.

Hayo ni ya kutojua. Lililobaki si la kutojua, na ndilo linalonifanya nishindwe kula. Sirili alikuwepo nilipokuwa nachanganya. Alichuchumaa kando ya debe, akatazama, akasema, "Binti, mbona oili leo kidogo? Na rangi yake si ile." Mimi ninayeshindwa kwenda kwa jirani kuomba chumvi, baba mdogo, siku ile sikuona haya. Niliinua kopo nikamsomea maneno yaliyoandikwa, kwa Kiingereza, kwa sauti, nikijua hakielewi. Akasema haya, akabeba mota akaenda.

Alijua. Baba alipomtuhumu alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Angeweza kusema. Nafikiri aliona hakuna atakayemwamini mtu wa Rombo dhidi ya binti wa mwenyekiti.

Mara nne nimesimama mlangoni pa baba nikitaka kumwambia. Mara ya nne aliniuliza ninataka nini, nikasema ninatafuta ufagio.

Nakuomba umwandikie wewe. Wewe ni fundi, umeiona plagi. Mwambie, ila usimtajie jina langu kwanza, au mtajie, sijui. Siku zimebaki chache.

Eunike


Kilombero, 8 Julai 1976

Mwanangu Eunike,

Marahaba, na pole. Umeandika barua ngumu, nami nimeisoma nikiwa nimekaa.

Sitamwandikia baba yako. Usidhani ninakukataa. Barua yangu ikifika pale, atautazama mwandiko na hatalisikia neno. Nitakueleza kwa nini, kisha tusirudie tena.

Mwaka 1967 kahawa ya nyumba nzima ililowekwa kwenye pipa baada ya kumenywa. Unajua inavyotakiwa, ikitoka utelezi inaoshwa na kuanikwa. Ile iliachwa siku mbili zaidi, ikavunda, chama kikaikataa yote. Uani, mbele ya majirani, ilisemwa kwamba zamu ya kuiosha ilikuwa yangu, nami nikaenda kunywa mbege. Mbege nilikuwa nakunywa kweli, ndiyo maana watu waliamini upesi. Lakini zamu haikuwa yangu. Aliyekuwa na zamu alisimama pale, akasikiliza, akanyamaza. Sikumtaja. Nilingoja aje mwenyewe na jani la isale la kuombea radhi, kama inavyofanywa kwetu. Nikingoja nikapanda basi, na sasa nimengoja miaka tisa. Mimi ni kitindamimba, nyumba ya Bibi ni ya kwangu kuirithi na kuitunza, na bati lake likivuja analiziba mtu mwingine. Nani alikuwa na zamu sitakutajia, wala usimwulize Bibi.

Nimekwambia haya upate kumjua Sirili. Mtu anayengoja hasemi, lakini siku anazihesabu.

Kuhusu mashua. Lile kopo ndilo ulilopaswa kulichukua. Injini ndogo za kusukuma mashua ni za aina moja na mota yenu, zinakunywa mchanganyiko. Zenyewe zinapozwa na maji na yenu inapozwa na upepo, kwa hiyo si oili ninayoipenda kwenu, lakini kwa kipimo kamili ungemaliza nayo msimu. Ukiwa mbele ya makopo tena, usitazame picha wala ukubwa wa maneno. Tafuta kama wameandika kwamba inachanganywa na petroli, na kwa kipimo gani. Ukikosa, rudi nyumbani mikono mitupu. Kurudi mikono mitupu hakujawahi kunokisha injini.

Nimempa dereva wa lori la sukari, anaitwa Leonce, mfuko. Ndani kuna ringi mbili za pistoni, msasa laini, plagi mpya, ile ya zamani uliyonitumia, na kopo la oili inayofaa. Atauacha stendi ya Moshi kwa mwuza magazeti. Sirili ana mikono mizuri, nimeona hata nati ya plagi haikuwa na jeraha. Aifungue yeye. Asugue kuta za silinda taratibu kwa msasa hadi michubuko iwe laini chini ya kidole, kisha aweke ringi.

Na wewe, masale yapo mpakani mwa shamba. Huhitaji Kiingereza wala sauti.

Eliamini


Machame, 8 Agosti 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Bibi mzima, mama mzima, ndama ameanza kula majani. Mfuko niliupata.

Alhamisi kabla ya mkutano nilikata isale, changa, lisilo na doa. Kwa kawaida anatumwa mtu mzima, najua, lakini ningemtuma nani? Nililificha ndani ya daftari la jiografia. Sirili alikuwa mbele ya chumba chake anafunga mzigo wa majani ya mbuzi, Bernadetha anachambua maharage. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilipofika sikuweza hata kubisha hodi, nilisimama tu na jani mbele ya kifua kama mshumaa. Bernadetha ndiye aliyemwambia mumewe, "Baba, una mgeni."

Sirili alilitazama jani. Akauliza, "Limetumwa na baba yako?"

"La kwangu," nikasema.

Akajifuta mikono kwenye suruali, pande zote mbili, akalipokea. Ndipo maneno yakatoka, yote, la mashua, la lori, la nusu kipimo, na lile la kumsomea kopo. Nililia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja siku utakayoniambia kwa Kiswahili."

Bernadetha akacheka. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, aibu tupu. Kisha Sirili akasema kwa upole kwamba kwake yeye jambo limekwisha, ila waliosikia la kwanza nao wasikie la pili. Nilijua atasema hivyo.

Baba nilimwambia jioni ileile, wakati anakamua. Hakugeuka, aliendelea kukamua hadi maziwa yakaisha. Nilimpa barua yako kuhusu plagi aisome mwenyewe, ile ya Juni. Ya Julai sikumpa.

Mkutanoni nilisimama. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Sauti, binti, hapa hatuko kwenye maungamo." Watu wakacheka, nikarudia kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kuwa nayo shuleni. Niliinua plagi, nikaeleza majivu kama ulivyoyaeleza. Basili akakumbuka makopo. Nilipokaa, watu wakamtazama baba. Alisimama akiwa amekunja mikono nyuma, halafu akaikunjua, akaileta mbele kama mtu anayetafuta pa kuiweka. Akasema mota ilichanganywa uani kwake, Sirili hakukosa, na yeye alimbebesha mtu lawama isiyo yake. Halafu akasema tena, polepole, "Na si mara ya kwanza." Watu hawakuelewa. Akakaa.

Sirili ameifungua mota. Alisugua silinda siku nzima akiijaribu kwa kidole kidogo. Jumanne ikakohoa, jana ikawaka. Sasa nachanganya yeye akiwa ameshika chupa ya kipimo, na kila chupa anaihesabu kwa sauti, moja hadi ishirini na tano, nami napaswa kuitikia. Ananitania kwamba kwa Kirombo zingekuwa chache. Lakini mibuni yake imepoteza zaidi ya nusu ya matunda, na hilo isale halilirudishi. Msimu ujao zamu ya kwanza ya dawa ni yake, imeandikwa. Mimi nitakwenda kumvunia hayo machache yaliyobaki.

Nilikuwa nimeanza kukunja barua hii baba alipoingia. Aliuliza kama ni yako. Nikasema ndiyo. Akatoka. Nilimwona dirishani akitembea mpakani, anashika isale moja, analiacha, anashika lingine, kama mtu anayechagua kitambaa. Akarudi akaliweka mezani, juu ya bahasha.

Nikamwuliza niandike nini.

"Usiandike kitu," akasema. "Yeye anajua lilitakiwa lije lini."

Nimelikunja mara mbili ili lienee, limechanika kidogo mahali pa kunjo, usidhani ni dharau. Bibi alipita akaliona kabla sijafunga bahasha. Hakuuliza ni la nani. Aliuliza tu basi la kutoka Kilombero hadi Moshi linachukua siku ngapi, kisha akaenda kulitoa blanketi lako sandukuni na kulianika.

Eunike